Turbo Ilikuwa Nzima

Makambako, Alhamisi.

Basi ni mpira. Mpira wa hewa tu, ule unaopeleka upepo wa turbo kwenye injini, umepasuka chini ya klampu, mahali ambapo jicho halifiki.

Wiki iliyopita niliona oili kwenye bomba, moshi mweusi, na gari ya Baba Tumaini haina nguvu, nikamwambia, "Turbo imekufa." Sikumwagia maji ya sabuni kwanza kutafuta panapovuja, ingawa ndivyo nilivyofundishwa. Akauza maksai wake wawili wa kulimia, akaleta turbo nyingine. Leo nimeifunga, tukapanda kilima cha Kitandililo, moshi ukatoka mweusi vilevile.

Ndipo nikamwagia sabuni, nikamwambia akanyage mafuta. Povu likachemka pale kwenye mpira; nikaubadilisha, na moshi ukaisha.

"Kumbe yalikuwa magonjwa mawili!" akasema. "Na yote umeyaweza, fundi."

 

Tumeimba besi pamoja kanisani miaka mingi. Akavua kofia palepale gereji, akanishika mikono yenye oili, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono hii. Nikasema amina. Tena nilisema kwa sauti.

Alipoondoka niliizungusha ile turbo ya zamani kwa kidole. Haichezi, haikwaruzi. Inazunguka vizuri kabisa.

Mke wangu ameniuliza kama naumwa. Siumwi. Sisikii chochote, Bwana Mungu, hata aibu sijaisikia bado, na hilo ndilo linalonitisha. Mvua zimekaribia, na Baba Tumaini atalima shamba lote kwa jembe la mkono.