Waya wa Mama na Nyuki wa Baba Mdogo

Jumapili ya pili ya Oktoba, Ishiara. Jua limeamka na hasira. Wingu ni moja tu, nalo linaelekea Embu.

Kwa heshima kuu ninawatangazia wananchi, majirani na wadudu wote wenye mabawa kwamba kipande cha waya wa shaba, urefu wa hatua kumi, kilichofungwa kwenye nguzo nyuma ya jikoni ya mama yangu, hakitashushwa. Si leo, si kesho. Mwenye swali anajua kwangu.

Haya, nimetangaza. Sasa nikueleze.

Macho ya Mama yaliisha miaka mitatu iliyopita. Redio ndiyo gazeti lake, kanisa lake na barabara yake. Lakini tunakaa bondeni, na redio bila ule waya inaongea kama mtu mwenye ugali mdomoni. Wiki hii Mama anasubiri tangazo moja. Marigu, rafiki yake tangu usichana, aliyeolewa Mikinduri, alifariki Jumatano. Siku ya mazishi inatangazwa leo saa moja jioni. Tangu asubuhi Mama ameniuliza saa ngapi mara tisa.

Sasa Baba Mdogo Nyaga, mdogo wa marehemu baba yangu, ana mizinga sita ya magogo juu ya miti. Miwili imehamwa na nyuki. Kwetu Mbeere, kuchezea mzinga wa mtu ni kosa la kuitiwa ukoo. Nami nikaitiwa ukoo. Shtaka: waya wangu unatoa mawimbi, mawimbi yamefukuza nyuki.

Nakiri kwamba nililala vizuri. Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu aniulize kuhusu mawimbi.

Mimi sikusomea. Niliacha shule kidato cha pili, nikajifunza kwa kufungua redio za watu ambao hawakuniomba nizifungue. Leo saa nane nikapanda kwa Baba Mdogo, ukoo ulikokutana, na redio ya Mama, ile ya betri ambazo sisi tunaziita mawe, beseni la plastiki, sufuria kubwa yenye kifuniko, na kamba ya mbuzi.

Kamba nilimpa shangazi ashike upande mmoja. Nikaitikisa polepole: wimbi refu, la uvivu. Nikaitikisa mbio: mawimbi mafupi, mengi. Nikawaambia mawimbi ya redio, joto la jiko, mwanga, na ile picha ya mifupa aliyopigwa Baba Mdogo hospitalini alipovunjika mkono, yote ni ukoo mmoja. Yanakimbia mwendo mmoja. Tofauti ni urefu. Ya kituo chetu, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, ni kama mita tatu. Ya mwanga ni madogo hata zaidi ya mia yanatosha kwenye unene wa unywele. Na kadiri yalivyo mafupi ndivyo yanavyouma. Ya redio ndiyo wazee wapole wa ukoo. Anayeogopa mawimbi aanze na jua.

"Jua tumezaliwa tukalikuta," Baba Mdogo akasema. "Waya umekuja juzi."

"Na huo waya hautoi kitu, Baba Mdogo. Unapokea tu. Ni sikio, si mdomo."

"Sikio linavuta. Limevuta nyuki wangu."

Watu wakacheka, na walicheka upande wake. Niliumia kidogo. Sitajidanganya hapa.

Nikawasha redio. Huko juu inashika bila waya, na mhubiri alikuwa katikati ya Misri. Nikaifunika kwa beseni. Mhubiri akaendelea, sauti chini kidogo. Nikaitoa, nikaitia ndani ya sufuria, nikaweka kifuniko. Mhubiri akakatika. Ikabaki shhhh.

"Umemziba mdomo tu, Mama Wanja!" shangazi akanipigia kelele mimi, kwa jina la mwanangu.

"Ningemziba mdomo ungesikia akinong'ona, kama kwenye beseni. Sasa hayupo kabisa. Chuma kimezuia wimbi kuingia. Wimbi ambalo sufuria ya ugali inalishinda ndilo litafukuza nyuki kwenye gogo?"

Watu wakasogea kuitazama sufuria. Heshima ya kwanza niliyowahi kupewa na ukoo huu.

Hapo nikazidisha. Nikasema nyuki mwenyewe anaona mwanga ambao sisi hatuoni, ule uliopita zambarau, kwa hiyo katika mambo haya yeye ni msomi kuliko mkutano mzima. Nikasema mvua haijanyesha, maua hakuna, na kama kuna mtu amewahi kushusha ile mizinga atazame kama siafu wameingia, ainue mkono.

Hakuna mkono ulioinuka, hata wa Baba Mdogo.

Mabishano yakachukua saa mbili zaidi, kwa sababu kwetu mtu hashindwi mpaka chai iishe. Mwishowe wakakata hivi: waya ubaki mpaka mvua. Nyuki wakirudi ungali juu, hauna kosa. Wasiporudi, tutakutana tena.

Nikikutana nao tena nitaleta kamba ndefu zaidi.

Wakati wa chai shangazi alipita karibu na sufuria yangu pale kwenye kivuli cha ghala, akainama, akasikiliza. "Githeri yako inachemka bila moto," akasema. Nikacheka na wengine. Nilikuwa na raha. Nilikuwa nikimweleza jirani habari za upinde wa mvua.

Jioni nikaibeba sufuria kichwani mpaka nyumbani, nikitembea kama mwenye kombe. Haikuwa na sauti tena. Nilidhani ni heshima.

Mama alikuwa ameshavaa kitambaa chake cha kanisa. Amekaa kwenye stuli karibu na dirisha, mikono magotini. Nikaitoa redio kwenye sufuria, nikafunga waya kwenye antena. Nikamwambia, "Mama, wamekubali. Haushuki." Akasema, "Asante, mwanangu. Saa ngapi?"

Saa moja kasoro dakika mbili.

Amezungusha kile kitufe mwenyewe. Amezungusha tena.

Sikuwa nimeizima redio. Ilikuwa inaunguruma ndani ya sufuria tangu mchana.

Mawe yameisha.