Chapa ya Ngamia Wetu kwenye Jezi ya Watu

Kwa abaayo wangu Halima, dada yangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama utaanza kugombeza watoto katikati ya sentensi halafu urudi mwanzo. Mama yetu Hooyo anaendeleaje? Goti lake bado linamsumbua akiinuka kuswali? Shemeji Noor na duka lake hapo stendi ya Habaswein hawajambo? Na darasa lako la nne, bado wanakuogopa kama sisi tulivyomwogopa mwalimu wetu wa Kiswahili kule Garissa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ya Kanada inang'ata, lakini haijanila.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama Sahra, jirani yangu, anasafiri kuja Garissa kumwona dada yake, na ameahidi kuitia barua hii kwenye basi la Wajir ikufikie mkononi. Mengine hayasemeki kwenye simu. Nikipiga mnaniambia "watu wazima, mifugo wazima," halafu mtandao unakatika. Nimekuandikia Kiswahili kama tulivyozoea, kwa sababu Kisomali tunakiongea kuliko redio, lakini tukikiandika tunaaibishana. Umsomee Hooyo kwa lugha yake, polepole, na usiruke kitu. Wewe una tabia ya kuruka.

Kazi yangu bado ni ile ya uwanjani. Hooyo akiulizwa mwanawe anafanya nini husema "yuko kwenye timu," na watu wanadhani nacheza. Mwambie aendelee kusema hivyo. Ukweli ni kwamba nafua jezi. Mchezo wenyewe ni magongo ya juu ya barafu: wanaume wazima wanateleza wakiwa na fimbo mkononi kama wachungaji, na hakuna mnyama hata mmoja mbele yao. Mwanzoni nilicheka sana. Sasa nimezoea, na timu ikifungwa nakosa hamu ya kula.

Kwenye chumba cha kufulia nafanya kazi na mama mmoja anaitwa Marlene, ambaye ndiye anayeshona majina na namba mgongoni mwa jezi. Yeye ni wa watu wa asili wa nchi hii, wale waliokuwepo kabla ya meli za wazungu. Ni mtu wa maneno machache na chai nyingi, ungempenda. Mara ya kwanza nilipomweleza kwamba kwetu ngamia ana chapa ya ukoo shingoni, na kwamba mtoto anazisoma chapa kabla hajasoma herufi, aliweka sindano chini akaniambia nianze upya.

Basi nikamsimulia. Nilimsimulia jinsi baba yetu Aabo, Mungu amrehemu, alivyokuwa akichora mchangani kwa ncha ya fimbo pale kisimani huku ngamia wakingoja zamu yao, na mimi na wewe tukishindana kutaja: huyu wa nani, huyu wa nani. Ulikuwa unanishinda, nakubali. Nilimsimulia chapa yetu, kile kijimwezi kilicholala na mistari miwili chini yake. Na siku ya kutia chapa ndama, chuma chekundu, nywele zikiungua, yule ndama akilia, na Aabo akimpapasa na kumwomba radhi kana kwamba ni mgeni. Halafu maziwa jioni, yenye harufu ya moshi wa chombo. Halima, hapa maziwa hayana harufu ya kitu chochote. Nayanywa, lakini sijui nanywa nini.

Unakumbuka siku yule askari mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, alipomzuia Aabo njiani akidai ngamia mmoja ni wa wizi? Aabo hakupandisha sauti. Alimshika askari mkono akamsogeza mpaka shingoni mwa mnyama, akamwambia kwa Kiswahili chake: "Soma hapa, bwana. Hii ngamia yangu. Hii kitambulisho yake, haipotei, haifuliwi. Wewe kitambulisho yako iko wapi?" Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaenda zake. Mimi nilijiona mtoto wa mfalme siku ile.

Nimekuletea hayo yote kwa sababu ya kilichotokea hapa kazini.

Timu hii ina desturi. Siku fulani fulani wachezaji huvaa jezi maalumu wakati wa kupasha mwili moto kabla ya mchezo, kuwaheshimu watu wa jamii fulani ya mji. Safari hii wakasema ni zamu ya sisi Wasomali, maana tumekuwa wengi. Sanduku la jezi za mfano likaletwa chumbani kwangu ziloweshwe, tuone kama rangi inatoka. Nikalifungua. Jezi ya kwanza nikaikung'uta, nikaitandika mezani. Begani palikuwa na kijimwezi kilicholala, na mistari mitatu chini yake.

Nikaketi juu ya kapu la nguo chafu. Halafu nikahesabu tena ile mistari, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Mitatu! Wewe mke wa Noor unajua vizuri kuliko mimi: mistari miwili ni sisi, mitatu ni wakwe zako wa upande wa Eldas. Na unajua tangu zamani mwizi wa ngamia anafanyaje. Anachukua mnyama wa mistari miwili, anapasha chuma moto, anaongeza mmoja. Nikajisemea, haya, Shemeji Noor hatimaye ametuteka, tena kwa jezi. Na kwa sheria yetu wachezaji wote hawa sasa ni mali ya baba mkwe wako. Akitaka anaweza kuwapeleka sokoni Garissa, ingawa sidhani watapata mnunuzi. Ni wanene lakini hawaliwezi jua.

Marlene hakucheka. Aliniuliza, "Nani aliwapa?" Nikasema sijui. Akasema, "Twende tukaulize."

Tukapanda juu kwa mchoraji wao, kijana mpole anaitwa Tyler. Sitaki umchukie, hata mimi nimeshindwa. Alifurahi kwa dhati kuniona. Akaniambia alitafuta picha za nchi yetu kwenye mtandao, akaiona alama hiyo kwenye shingo ya ngamia, akaona ni nzuri. Nikamuuliza ule mstari wa tatu ulitoka wapi. Akasema miwili ilionekana haijakamilika, akaongeza mmoja ili ikae sawa. Nikamweleza kwetu anayeongeza mstari anaitwa nani. Alibadilika rangi akaomba radhi mara nyingi, akaufuta mstari palepale mbele yangu. Ikabaki chapa yetu kamili. Akaniuliza, "Sasa iko sawa?"

Ilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwomba anionyeshe hiyo picha.

Akaifungua kwenye kompyuta. Kwanza ilikuwa shingo tu na chapa, na kwa juu kidogo sikio. Sikio la kushoto, lililochanwa na fisi. Halima, nilimjua Hiito, ngamia wa Hooyo, hata kabla sijaisoma chapa. Nikasema, naomba kuiona picha yote. Tyler akasema aliikata kwa sababu yaliyobaki hayakumfaa. Akairudisha nzima.

Hiito amelala kando ya barabara, shingo imenyooka, mbavu zinahesabika. Nyuma yake vumbi letu jekundu na mti mmoja usio na jani. Na pembeni, pale Tyler alipokata, mwanamke amekaa chini, ameipa kamera mgongo, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha. Chini ya picha wameandika habari ya ukame. Jina la mtu hakuna.

Wewe unajua ni nani anayekaa hivyo. Hakuna mwanamke mwingine Habaswein nzima anayekaa hivyo.

Nililia mbele ya wale watu. Sikuona haya. Nimekaa huku nikiambiwa mifugo wazima, nami nawajibu mashaallah, kumbe mzao wa ngamia wa mahari ya Hooyo ameanguka barabarani, na mgeni mwenye kamera amepita, na dunia nzima imemwona mama yangu mgongo isipokuwa mimi. Mlificha kwa huruma, najua. Mimi pia nawaficha mengi ya huku. Lakini iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Nilijifuta machozi nikamwambia Tyler, "Umekata mtu ukabakiza alama." Alimwita bosi wake, mama mmoja mwenye heshima zake, na huyo akasema wamesimamisha kila kitu. Wanangoja neno langu. Nikikubali, watachapa jezi na kuniita barafuni mbele ya watu wote nieleze maana ya chapa, wanipige picha. Nikikataa, watachora nyota au kitu kingine.

Nitasema kweli, sehemu ya moyo wangu ilitaka kukubali palepale. Fikiria, chapa ya Aabo mbele ya uwanja uliojaa, mimi nikiwa nimesimama na suti badala ya kapu la soksi zinazonuka. Vijana wetu wa hapa, ambao ngamia wanamjua kwa picha tu, wangejua kwamba kwao kuna kitu.

Tuliporudi chini Marlene alinichemshia chai. Akaniambia kwamba zamani timu hii ilikuwa na kichwa cha mtu wa kwao kifuani mwa jezi, amekunja uso na pua imevutwa kama ya tai. Hakuna aliyeulizwa. Baba yake alikuwa mfagizi wa uwanja huu huu, alifagia bisi chini ya picha hiyo mpaka alipostaafu. Watu wa kwao walisema na kusema, miaka, hadi ikaondolewa. Baadaye timu ikaja na adabu, ikamwomba kijana mchoraji wa kwao achore jezi. Yule kijana alichora michoro mitatu, lakini hakumpa mtu hata mmoja. Alirudi kwanza kijijini kwao akakaa na wazee. Akaleta ndiyo moja na hapana mbili.

"Lile ua lililopata ndiyo nililishona mwenyewe, jezi zote," Marlene aliniambia. "Ile michoro mingine miwili sitakuonyesha hata wewe, na ninakupenda."

Ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wameniuliza mtu asiye sahihi. Mimi nimezaliwa chini ya chapa ile, sikuiweka. Hata Aabo asingeitoa peke yake. Angewaita ndugu yake Adeer Bishaar na wenzake, wangekaa chini, wangebishana mpaka chai iishe, na neno lingetoka la wote. Kwa hiyo nimewaambia wangoje, nimeandika nyumbani. Bosi aliuliza nyumbani ni wapi, nikasema ni mbali, wazoee kungoja.

Sasa abaayo, kazi ni yako. Mpelekee Adeer Bishaar habari, umwambie asije akataka kulipwa fidia ya ngamia mia kwa ajili ya mstari wa tatu, umeshafutwa. Awaite wazee waseme. Na niandikie ukweli wote: nani wamebaki kwenye zizi, na nani wamekwenda. Usiniandikie "wazima."

Lakini kabla ya wazee, muulize Hooyo. Yeye ndiye aliyekatwa, neno lake litangulie. Akisema ndiyo, nitawaambia chapa haiendi bila yeye, wamrudishe kwenye picha alipokuwa, na jina lake liandikwe chini kama anavyolitamka mwenyewe. Akisema hapana, nitawaambia hapana, na sitampa mtu sababu.

Nisalimie Adeer Bishaar, ndugu wa baba yetu, na macho yake yasiyoona lakini yanajua kila kitu. Nisalimie Shemeji Noor na umtanie kuhusu jezi mpaka akasirike. Nisalimie Habo Fatuma, shangazi yetu wa Hagadera, ukipata gari la kumpelekea salamu. Wabusu wanao, na yule mdogo aliyechukua jina la Aabo umbusu mara mbili.

Ukimaliza kusoma, funga mlango mbaki wawili, wewe na Hooyo. Mwambie nimemwona. Mwambie laiti ningejua kwamba alikaa pale barabarani peke yake na mnyama wake, ningempigia simu siku ile, hata kama ni kunyamaza naye tu.

Mdogo wako anayekuombea dua usiku na mchana,
Idris