Riyadh Si Mbali, Alisema

Dada Mwende,

Tumekuzika Jumamosi, hapa Zombe, kando ya baba. Mwaitu, mama yetu, alikataa uteremshwe kaburini kabla jeneza halijafunguliwa. Pasta alimsihi, wazee wakamsihi. Akawaambia, "Nilimtuma akiwa mzima. Nitaangalia nilichorudishiwa." Mimi ndiye nilimshika mkono tukiangalia. Mgongo wako ulikuwa umejaa alama za pasi, moja juu ya nyingine. Meno ya mbele hayakuwepo. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika ukajiunga vibaya, maana yake uliishi nao hivyo, ukipiga deki nao. Na hao watu wa Riyadh uliowafanyia kazi wameandika kwamba ulianguka tu kutoka dirishani.

Unakumbuka siku ile ajenti alikuja kutoka Malili kukutafutia kazi ya nyumba? Alikaa kwa kiti cha baba, akanywa chai, Mwaitu akamuuliza Riyadh ni wapi. Akacheka. "Mama, ni masaa tano kwa ndege. Akipanda asubuhi, chakula cha mchana anakula huko. Basi ya Mombasa inachukua zaidi." Kusikia hivyo Mwaitu akatulia. Wewe ulinikonyeza, ukasema utakuja kila Krismasi na kuniletea viatu.

Simu ya mwisho ulinipigia ukiwa umejifungia chooni. Nilisikia madam wako akigonga mlango na kitu kizito. Uliongea Kikamba, haraka haraka: amekuchoma, amekunyang'anya paspoti, mdomo umejaa damu. Ukasema, "Kavata, nikitolewa hapa sasa hivi, jioni niko nyumbani." Halafu mlango ukavunjika. Nikasikia ukipiga nduru, simu ikakatika. Nilimpigia ajenti. Akaniambia nivumilie, wafanyakazi wapya hulia sana.

Wiki hiyo ukafa. Kurudi kwako kukachukua karibu mwaka. Njia ya masaa tano, Mwende, na wewe ukalala kwenye barafu ya watu wasiojua jina lako.

Sasa sikia. Alikuja matangani Jumamosi hiyo. Ajenti huyo huyo, na shada la maua, akasimama katikati ya familia. Mjomba Mutinda alimpiga na mpini wa koleo, akaanguka juu ya udongo wa kaburi lako. Vijana wakamvamia kwa mateke na mawe. Mimi pia. Nilishika jiwe kwa mikono miwili nikampiga mdomoni, nikasikia meno yakivunjika, nikataka kupiga tena. Mtu akaleta petroli ya pikipiki, wakaanza kummwagia. Ndipo Mwaitu akajitupa juu yake, petroli ikamlowesha hata yeye. Akasema, bila kupaza sauti, "Huyu hatakufa siku ya mtoto wangu. Ataishi aulizwe."

Hakuna aliyewasha kiberiti.

Polisi walimchukua akiwa hai. Kesi yake itasikizwa Kitui mjini, na wasichana wawili wa Tawa, waliopelekwa na yeye wakarudi, wamekubali kuongea. Mwaitu hakunisemesha tangu siku hiyo. Jana ndio alinipa uji, akaniambia ninawe mikono kwanza.

Mwanao Ndanu analala na mimi. Akiuliza uko wapi namwambia ukweli: uko hapo nje, kando ya babu.

Pumzika, dada. Nakuahidi nitasimama mbele ya hakimu nitaje kila alama niliyoiona mgongoni mwako, moja moja, mpaka aandike yote.

Kavata wako