Mbithe Alisema Mwenyewe

Kola,
Machakos.
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Musyoka,

Pokea salamu za mama yako, ambaye bado anajichotea maji mwenyewe. Natumaini wewe, Mbula na watoto mko wazima huko Kanada. Kile kifua cha mtoto kimepona? Mfunike vizuri, na usimpe soda ya baridi hata akilia.

Sisi hapa tuko salama. Baridi imeingia, mbaazi zimetoa maua, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Winfred, mke wa ndugu yako mdogo, ndiye ananiandikia, maana kalamu unajua sikufundishwa. Akimaliza ataipiga barua hii picha akutumie kwa simu leo leo. Ningekupigia, lakini kwa simu wewe hunikatiza kabla sijafika popote. Barua huwezi kuikatiza. Soma mpaka mwisho.

Sasa sikia. Nimeambiwa ulimpigia Mbithe, mtoto wa ndugu yako Musembi, ukamwambia ameaibisha nyumba yetu, eti amefukuzwa maabara kwa kuambukiza watu, na aachane na mambo ya vijidudu atafute kazi ya duka. Hiyo habari uliitoa kwa watu wa Masii, ambao hata mlango wa maabara hawajui uko upande gani. Tangu siku hiyo mtoto hali chakula vizuri. Jumatatu anatakiwa arudi kazini, na anasema labda hatarudi. Umekosea, mwanangu, na nitakueleza pole pole.

Kwanza, Mbithe hajafukuzwa. Kazi yake ni kupima sampuli za wagonjwa, kujua ni kijidudu gani kinawasumbua. Vile vibaya hufunguliwa ndani ya kabati la kioo lenye mashine ya kuvuta hewa, ili kitu kisichoonekana kisimwingie mtu puani. Wanavaa glavu na gauni, mlango unafungwa, na mle ndani hakuna kula wala kunywa. Hiyo najua kwa sababu nilimpelekea muthokoi, mahindi yangu ya kukoboa na maharagwe, askari akanizuia mlangoni.

Nikamwambia mimi ni susu yake, nyanya aliyemlea.

"Hata ungekuwa mama wa waziri," akasema, "hiyo muthokoi inabaki na mimi."

Nikamuuliza kama inabaki na yeye au na tumbo lake. Mbithe akatoka, ameshaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akanigombeza mimi mbele ya yule askari. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Mtoto anayeweza kumkatalia susu yake mlangoni anajua kazi.

Sasa lile jambo lenyewe. Yaliletwa maji yaliyotolewa kwenye goti la mchunga ng'ombe wa Kithimani. Karatasi ilisema ni maji ya goti, basi. Hakuna aliyeandika kwamba huyo mtu hunywa maziwa mabichi, na kwamba ng'ombe wake wanatupa mimba. Vijidudu vilipoota kwenye kisahani chao, Mbithe alikifungua mezani, nje ya kabati, akanusa. Ndiyo, akanusa. Wamekatazwa, na anajua wamekatazwa. Lakini huyo amelelewa hapa kwangu, na kila asubuhi kibuyu cha maziwa kilipitia puani mwake kabla ya kufika kwenye chai. Pua ilitangulia akili.

Mchana vipimo vikaonyesha ni brusela. Unaikumbuka, ni ile homa iliyomlaza marehemu baba yako, viungo vikamuuma mpaka akashindwa kufunga kamba ya mbuzi. Yeye aliipata kwa maziwa. Kule maabara inampata mtu kwa kupumua tu.

Hapa ndipo nataka unisikize. Hakuna aliyemwona akinusa. Angeweza kupangusa meza akanyamaza. Lakini aliwatoa wenzake wote chumbani, akafunga mlango, akaenda kwa mkubwa wake akasema, "Nilikifungua nje ya kabati na nikanusa. Hawa wote walikuwa na mimi."

Chumba kikafungwa kikasafishwa kwa dawa. Wote wakaanza kumeza vidonge vya kinga, vile vinavyochafua tumbo, na wengine wakamnunia. Yeye akawekwa kando mpaka afundishwe upya, na hiyo ndiyo nyinyi mliita kufukuzwa.

Kinachomla Mbithe si vidonge. Kuna mwenzake anaitwa Syokau, mjamzito, na wewe umeona brusela inavyomfanya ng'ombe mwenye mimba. Bwana yake alikuja kupiga kelele getini, watu wote wakasikia jina la mtoto wetu.

Basi nikashika jogoo, nikaenda kwa huyo Syokau huko mjini. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nikamwambia mimi ndiye susu ya Mbithe.

"Keti, susu," akasema. "Daktari alinichagulia dawa inayonifaa siku hiyo hiyo, kwa sababu niliambiwa siku hiyo hiyo. Damu yangu imepimwa tena, bado iko safi. Angenyamaza, ningejua nikiwa wodini."

"Na bwana yako je?"

"Huyo niachie mimi. Hupiga kelele kwanza, halafu ndiyo anauliza nini kilitokea." Akacheka, kisha akaniangalia vizuri. "Wa kukaa meza ya karibu na yangu namtaka yule anayesema akikosea. Mwambie arudi."

Lakini Syokau alimchukua yule jogoo.

Musyoka, nimezaa, nimelea, nimezika. Sijawahi kujivunia mtu wa nyumba hii kama ninavyojivunia huyu msichana sasa. Ana jina langu. Ukisema Mbithe ametuaibisha, ni mimi umenitaja, na mimi sioni aibu yoyote.

Wewe ni baba yake mdogo na neno lako analibeba zito. Kwa hivyo mpigie. Mwambie ulisikia vibaya. Anza na hilo hata kabla ya kumjulia hali, na ukifika kwenye "lakini", funga mdomo. Habari ya kurudi kazini mwachie aamue mwenyewe.

Nisalimie Mbula na watoto. Musembi anakusalimu, na shangazi yako Syombua anauliza kama bado unakula au unakunywa kahawa tu. Mungu awalinde huko ugenini, akupe maisha marefu na ulimi mpole.

Mbithe amepita hapa sasa hivi, akamwona Winfred akiandika, akauliza barua ni ya nani. Nimemwambia ni yako. Hajauliza inasema nini. Ameketi pale nje kwenye kiti cha marehemu baba yako, simu mkononi.

Mimi mama yako, nakupenda hata nikikugombeza,
Mbithe wa Nzomo