Mababu Bado Wamo Ndani

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua madirisha ya nyumba ya jirani, ipate hewa. Ufunguo alinipa marehemu Bi. Hamasaki mwenyewe, siku mwanawe alipompeleka nyumba ya wazee huko Osaka. Akafia huko huko. Tangu hapo ni panya, mianzi inayochomoza sakafuni, na mimi. Usiku taa inayowaka kwenye kilima hiki ni yangu peke yangu. Nimechoka!

Lakini leo wamekuja watu kuitazama: Shunpei na mkewe Nagisa, kitoto mgongoni. Wanataka kufungua duka la tofu, ile jibini ya soya. Hapa! Gari halipandi, vijana wote wamehama, nao wanacheka tu. Nagisa kaniuliza, "Shangazi, kisima bado kina maji?" Kinayo, tena matamu. Kuitwa shangazi kumenipendeza mno.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia simu Hamasaki, yule mwana. Hauzi, hapangishi. Sababu? Ile ile: kabati la kuwaombea mababu bado limo ndani, na vibao vya majina yao, cha mama yake kikiwamo. "Nitapangishaje nyumba ambayo mama yumo?" Nikamwambia amwite mtawa awasomee sala, kisha alihamishie kwake. Eti kwake ni fleti, halitaenea.

Mwoga! Anajificha nyuma ya mama yake. Nimekata simu, halafu nimelia kidogo. Shunpei na mkewe wamepata nyumba nyingine Hiroshima na wanatakiwa kujibu wiki ijayo. Wakienda, hatakuja mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Hamasaki kapiga mwenyewe! Anakuja Alhamisi kuzuru kaburi, kisha apite nyumbani "kuangalia tu". Kuangalia tu si haba. Nimewaita wale wawili waje tufanye usafi.

Alhamisi, 20 Machi

Balaa!

Asubuhi Shunpei, kwa kutaka kuonekana ana adabu, kapika wali akauweka mbele ya kabati. Sawa. Lakini vijiti kavisimamisha wima katikati ya bakuli! Wali wa hivyo huwekewa maiti, siku ya kukata roho! Mtoto mdogo anajua, ndiyo maana mezani hukatazwa. Nilipouona, Hamasaki alikuwa tayari nyuma yangu, viatu mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani kafa humu?"

Shunpei masikio mekundu. "Samahani mzee, mimi nilidhani ndivyo..."

"Umetumaliza wewe!" Nagisa kamfokea. "Kwenu hamkufunzwa?"

Nikanyoosha mkono kuving'oa. Hamasaki akanishika. Kasema polepole kwamba mama yake alitolewa nyumba ya wazee, akapelekwa ukumbi wa kukodi, kisha moja kwa moja kuchomwa. Kila siku alikuwa akiomba kurudi nyumbani. Bakuli hili, hapa kwake, hakuna aliyemwekea.

"Viache," kasema. Kisha akacheka, machozi yanamtoka. "Kachelewa kijana, lakini kaweka."

Sasa tuko barazani, naandika magotini. Mtawa niliyemwita, endapo Hamasaki atakubali, kafika, anakunywa chai, hajui kama anatakiwa au la. Sisi pia hatujui. Hamasaki kajifungia na mama yake muda mrefu, kisha katoa kichwa kumwomba Nagisa mtoto. Kamchukua kwa mikono miwili, kama sinia lililojaa. Kauliza jina, kauliza kama analala vizuri, kafunga tena mlango.

Kengele ya kabati, ya kuwasalimu marehemu, imelia. Namsikia anazungumza.

"Mama, huyu ni Kaho. Usiku analia kidogo, usije ukashtuka..."