Winchi ya Karakana

Mdogo wangu,

Hatimaye nimeifunga winchi kwenye boriti ya karakana, hapa nyuma ya nyumba. Injini tuliyokuwa tukiibeba wawili sasa naipandisha peke yangu, navuta mnyororo tu. Baba akiusikia kutoka kitandani hupaza sauti: "Taratibu, wanangu, isiwaponde." Bado anatuhesabu wawili.

Kumgeuza Baba kitandani kunataka mmoja mabegani, mwingine miguuni, na mgongo wa Mama umegoma. Jana akaniuliza, "Hicho chuma chako hakiwezi kumnyanyua baba yako?"

Nilipanda kukagua boriti ya chumbani kwa Baba. Imeliwa na mchwa, kidole kilizama.

Mama nimemwambia nasubiri bolti. Baba nimemwambia wewe uko njiani.

Ni mimi,
Kaka yako