Habari Walizoambiwa Nyuki Kwanza

Thorn Bank,
Skelderdale,
Yorkshire.
21 Agosti 1978

Mpendwa binamu Beryl,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye upepo. Hujambo? Duncan naye, mgongo umepona au bado anatembea kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka? Watoto hawajambo? Mama anauliza kama ni kweli huko New Zealand mwezi huu wa nane ni baridi. Nimemjibu mara tatu kwamba ndiyo, na mara zote tatu amesema huko ni kutojua kupanga mambo.

Sisi tu wazima, isipokuwa Mama ana jicho moja lililofumba kwa kuumwa na nyuki, na sababu ya jicho hilo ndiyo iliyonikalisha niandike. Nakuambia mapema usije ukaruka ukurasa: baba yako ana jambo la afya, hataki ulijue, na mimi nakujulisha. Si msiba. Teleka maji ya chai, kaa, usome taratibu.

Jana Jumapili tulipanda nyikani kutazama mizinga. Vichaka vya hetha vimechanua mwaka huu mpaka unaona haya kuvikanyaga. Ni zambarau tupu kuanzia ukuta wa babu mpaka macho yanapokoma, na kondoo wa watu wamelala katikati ya barabara kama walioinunua. Nimekuwekea kitawi kimoja humu. Kikifika kimekuwa vumbi, kinuse hivyo hivyo, na usiwaonyeshe watu wa forodha.

Mizinga yetu sita na ile minane ya baba yako bado imepangwa chini ya ukuta ule ule, kwa sababu hakuna pengine nyika nzima ambapo upepo hauingii, na kwa sababu kati ya Mama na baba yako hakuna ambaye angemwachia mwenzake. Katikati wameacha hatua kumi. Mtu mgeni angedhani ni mpaka wa nchi mbili.

Wewe ulikuwa umeshaondoka mambo yalipoharibika, na najua kila upande ulikuandikia habari zake. Mimi nilikuwepo. Baba yako alipeleka chupa ya asali ya hetha kwenye maonyesho, asali nzito ile ambayo unaipindua chupa na haitikisiki, na kila mtu alijua kikombe ni chake. Mama alikuwa msaidizi wa mwamuzi. Akainama, akachungulia, akasema kwa sauti ya kanisani, "Huo si mguu?" Ulikuwa mguu wa nyuki, mmoja, mdogo kuliko ukope. Kikombe kikaenda kwa bwana mmoja wa Whitby anayefuga nyuki nyuma ya duka la viatu. Tangu siku ile, miaka tisa, baba yako hakumsemesha dada yake. Mama alikuwa ameshaoka keki ya kumwomba radhi, lakini aliposikia hasemeshwi, akaila mwenyewe na kununa pia.

Lakini usidhani walikuwa hawazungumzi. Mkumbushe Duncan desturi yetu, maana hadi leo anadhani tulimtania siku ya harusi: mwenye nyuki lazima awaambie nyuki wake kila habari kubwa ya nyumbani, nani kazaliwa, nani kafa, nani kaoa, la sivyo wanakasirika na kuhama. Basi wazee wetu wakageuza desturi kuwa posta. Kila Agosti wanasimama mmoja huku, mmoja kule, kila mtu anawahubiria nyuki wake kwa sauti ya kuuza samaki. Mwaka jana Mama aliwaambia wake, "Kuna watu wanakuja mbele ya malkia wenu na suruali iliyochanika makalioni." Baba yako akawaambia wa kwake, "Waulizeni jirani zenu, wamekuja kutazama masega au makalio?" Nami nikiwa katikati na chupa ya chai. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Binamu, nimelima miaka tisa.

Jana niliona mapema kwamba baba yako hayuko sawa. Kutoka kwenye gari mpaka ukutani alisimama mara nne, kila mara akijifanya anatazama mandhari. Mtu aliyezaliwa humu humu! Alipofika akavuta pumzi muda mrefu, kisha akatoa ufunguo wa nyumba na kugonga mzinga wa kwanza mara tatu, kama inavyotakiwa kwa habari kubwa. Mama alikuwa ameinua fremu yenye masega. Akabaki nayo hewani.

"Haya, sikilizeni nyie," akasema baba yako, "na msinianzishie kelele. Moyo wangu una mlango mmoja haufungi vizuri. Tarehe ishirini na mbili mwezi ujao naenda Leeds wakanifungue kifua. Daktari ni kijana, mikono laini, nadhani hajawahi kushika koleo tangu azaliwe. Ila anasema ataweza. Beryl asiambiwe. Yuko mbali, ana watoto, atakosa usingizi bure. Nikipona nitamwandikia mwenyewe."

Nilitaka kumkatiza hapo hapo, lakini sikuthubutu. Ilikuwa zamu ya nyuki.

Akahamia mzinga wa pili, akaugonga. "Na nisiporudi, mtakuwa wa dada yangu Enid. Msimuume. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, tangu tulipokuwa watoto. Na jicho lake kali. Asichokiona yeye ndani ya asali, basi hakimo."

Sasa, Beryl, ukilia ndani ya kofia ya wavu huna pa kujifutia. Mama alivumilia kidogo, machozi yakamfika kidevuni, mwisho akainua wavu ajipanguse na mkono wa gauni. Nyuki mmoja alikuwa anangoja nafasi hiyo hiyo. Akamchoma kwenye kope. Mama akatamka neno ambalo sikujua analijua, akairudisha fremu mahali pake bila kuponda hata nyuki mmoja, kisha, kwa kuwa ufunguo aliuacha garini, akagonga mzinga wake kwa kijiko cha chai.

"Na nyie sikieni!" akapaza. "Waambieni hao wa jirani kwamba mimi sirithi nyuki wa mtu mkaidi. Hawa sita wananitosha kwa kero. Mwenye nyuki arudi awalishe mwenyewe wakati wa theluji."

"Waambieni," akajibu baba yako kwa mizinga yake, "hilo si la mtu kuamua."

"Waulizeni nani anampeleka huko Leeds."

"Waambieni kuna basi."

"Basi?" Mama akasahau nyuki wote. "Unapanda basi, Garth? Na kurudi je, kifua kimeshonwa kwa uzi, unarudi umesimama na kikapu cha mtu kimekuegemea?"

Hakuna aliyegonga kitu. Mama mwenyewe alishtuka, kama mtu aliyejikuta amevuka mto bila kuvua viatu, lakini kurudi nyuma si tabia yake. Akazikata zile hatua kumi, jicho limeshavimba kama yai, akasimama mbele ya kaka yake.

"Ishirini na mbili ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa nina fundi wa kusafisha dohani."

Baba yako akaangalia viatu vyake. "Basi haina neno, Enid."

"Nimesema nina fundi. Nimesema siendi? Fundi atakuja Jumatatu. Masizi hayaozi."

Hapo nikajifanya natafuta kitu kwenye kikapu, maana mimi nami nilikuwa na machozi, na kicheko, na sikujua kianze kipi. Nilipoinua uso baba yako alikuwa amemshika Mama kidevu, anamkwangua mwiba kwa ukucha wa kidole gumba. Mwiba aliutoa.

"Huyu ni nyuki wako," Mama akamwambia.

"Nyuki wangu hawaumi watu."

"Basi wamejifunza kwa mwenyewe."

Tukala keki ya zabibu na jibini juu ya ukuta. Usidhani waliombana radhi. Walizungumza habari za mvua, na za yule bwana wa Whitby, ambaye wote wawili wanakubaliana kwamba hajui kitu. Baba yako akatuapisha usiambiwe. Mama akaapa akiwa ameweka mkono kifuani, uso wa mtakatifu mwenye jicho moja.

Tulipofika nusu ya njia kurudi, akaniuliza, "Avis, karatasi za barua bado zipo nyumbani?"

"Mama, umeapa sasa hivi!"

"Mimi nimeapa. Wewe ulikuwa unatafuna."

Kwa hiyo ukitaka kumlaumu mtu kwa barua hii, ilaumu keki. Daktari kasema uwezekano wa kupona ni mzuri, hilo nimelipata kwa baba yako mwenyewe. Mama atafikia kwa rafiki yake kule Leeds muda wote, na leo asubuhi ameshaandikia hospitali kuuliza saa za kuona wagonjwa, na kuwaarifu kwamba ni chache. Baba yako akitoka atakaa hapa kwetu. Mizinga tutaishusha mimi na mume wangu mwezi ujao, na tumeshaambiwa mara saba namna ya kuibeba.

Usimpigie simu kumgombeza. Mwandikie barua ya kawaida, habari za watoto na ng'ombe na hiyo baridi yenu ya Agosti, na uiwahishe imfikie kabla ya tarehe ishirini na mbili. Kama utaona huwezi kukaa mbali, njoo, kitanda kipo, na hasira zake tutazigawana.

Kuna jambo moja ambalo hata Mama sijamwambia. Wakati tunaondoka niliirudia chupa ya chai niliyoisahau ukutani. Baba yako alikuwa bado yuko pale peke yake, kofia mkononi, amenipa mgongo. Akagonga mzinga mara tatu kwa ufunguo. Nilisimama, nikaogopa ni habari nyingine ya ugonjwa.

"Enid kanisemesha leo," akawaambia. Kisha akaugonga na wa pili, ili nao asiwaache. "Kaniita jina langu."

Akaenda hivyo mpaka mzinga wa nane, kila mmoja akiambiwa peke yake. Chupa ya chai niliiacha pale pale.

Tusalimie Duncan na huo mgongo wake, na watoto wote wawili uwabusu kwa niaba yangu. Mume wangu Alwyn anakusalimu sana. Mama anasema amekusamehe kwa kukaa miezi mitano bila kuandika, lakini usizoee. Mungu awalinde ninyi huko chini ya dunia na sisi huku juu, na atupe sote mioyo ambayo milango yake inafungua na kufunga.

Ni mimi binamu yako nikupendaye siku zote,

Avis